Moshi wa Biri Namba Tatu

Kila Jumapili saa nane na nusu mchana, Eusebio Talavera alifunga madirisha yote ya sebuleni, hata siku ambazo mji mzima wa Estelí ulikuwa ukitokota kwa joto, kwa sababu upepo huharibu ladha ya biri, zile sigara nene za majani matupu ya tumbaku. Mezani aliweka bilauri tatu za maji, visahani vitatu vya jivu, na biskuti zisizo na chumvi za kusafishia ulimi. Shemeji yake Socorro alikuwa jikoni, akizivua biri zile pete za karatasi zinazotaja jina la mwenye kiwanda, ili mtu asije akaonja kwa macho. Kisha akaja nazo kwenye sinia, tatu, nene, ziko uchi, kila moja na kijikaratasi chake cha namba.

Mtu wa tatu alikuwa Mwalimu Leónidas, mstaafu, ambaye kazi yake ilikuwa kuonja na kuandika. Zamani walikuwa wanne. Ermelinda, mkewe Eusebio na dada yake Socorro, alikuwa amefariki miaka minne iliyopita, na kiti chake sasa kilikaliwa na kofia ya Mwalimu.

Biri huonjwa kwa theluthi: mwanzo, kati na mwisho. Ni kama mgeni. Siku ya kwanza huijui tabia yake.

“Namba moja,” alisema Mwalimu, akafumba macho. “Ngozi. Na pilipili manga kwa mbali.”

“Mwalimu, ngozi umeila lini wewe?” Socorro aliuliza.

“Si lazima niile.”

“Haya, andika ngozi. Mwakani utatuandikia soksi.”

Namba mbili ilikuwa na kahawa, na kuni za mwaloni, na ukali uliokaa kooni kama deni la maneno. Wakanywa maji, wakatafuna biskuti. Kisha Eusebio akawasha namba tatu, akavuta mara moja, akaishusha.

“Hii ni ya Jumamosi,” alisema.

Moshi uliotoka kinywani mwake haukupanda. Ulimshukia magotini, ukateremka sakafuni, ukapapasa miguu ya meza kama mtu atafutaye kandambili, ukatoka nje kwa upenyo wa chini ya mlango.

“Moshi umetoka,” alisema Mwalimu.

“Nimeuona.”

Socorro alikuwa aende kununua mkate hata hivyo, basi akachukua kikapu akaufuata. Alirudi baada ya nusu saa, na mkate.

“Moshi umekata kona pale kwa fundi viatu,” alisema. “Kwenye barabara kuu umesubiri lori lipite. Halafu umeingia makaburini. Uko juu ya kaburi la dada.”

“Unafanya nini?”

“Shemeji, moshi una kazi gani? Umekaa.”

Mwalimu alifikiri kidogo. Ermelinda alipokufa, mbegu za tumbaku hii zilikuwa hata hazijapandwa. Akamwomba Socorro pete ya namba tatu, akaisoma. Kwa herufi za dhahabu iliandikwa: Mchanganyiko wa Don Abelardo Irías.

“Basi hauendi kwa aliyeisokota,” alisema. “Unakwenda kwa aliyeiwaza.” Akaliandika hilo daftarini, kwenye safu ya harufu, kwa kuwa safu nyingine haikuwepo.

Eusebio hakuhitaji kuandikiwa. Yeye na mkewe walikuwa jozi moja kiwandani kwa Don Abelardo, meza moja, miaka ishirini na sita. Yeye alikusanya majani ya ndani na kuyabana kwenye foroma ya mbao yapate umbo. Ermelinda aliivisha biri jani la nje, laini kama kitambaa cha ubatizo. Eusebio aliisukuma biri upande wa mkewe bila kutazama, na mkono wa Ermelinda ulikuwa umeshafika kuipokea. Asubuhi nyingine walimaliza biri mia mbili bila neno, kisha wakaenda kula maharage na wali na kuzungumza kana kwamba wamekutana sasa hivi.

Jumamosi, wafanyakazi waliruhusiwa kujisokotea biri zao kwa majani ya mabaki. Hapo ndipo Ermelinda alipotamba. “Jani kali la hapa kwetu usiliweke katikati,” alimwambia mumewe. “Liweke ubavuni, lijongee polepole. Ya kutoka Jalapa mawili, la kutoka Condega moja, na hilo la Condega uligeuze, kichwa chini.” Walizivuta mlangoni kwao jioni, na majirani walijisogeza na viti vyao bila kualikwa.

Jumamosi moja Don Abelardo alipita mezani pao, akaomba moja, akaivuta yote akiwa amesimama. Akauliza imetengenezwaje. Ermelinda akamweleza, mpaka lile jani la kugeuzwa.

“Umempa yote,” Eusebio alimwambia njiani.

“Ameuliza kwa adabu.”

Mwaka uliofuata biri ile ilitoka na pete yenye jina la Don Abelardo. Ilishinda tuzo nchi za mbali, na wafanyakazi wote wakapewa nusu siku ya mapumziko, Ermelinda akiwemo. Alipoionja alisema tu, “Jani la nje wamelivuta mno.”

Jumapili iliyofuata ile ya moshi, walimwalika Don Abelardo. Alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, mzee wa mkongojo, akawauliza wote hali, akaketi.

“Don, sina ombi lingine,” alisema Eusebio. “Jina lake kwenye pete. Hata kwa herufi ndogo.”

Don Abelardo akaiwasha namba tatu mwenyewe. Moshi ukatoka kinywani mwake, ukashuka, ukaelekea mlangoni. Akainua kiatu kuupisha.

“Umeona mwenyewe,” alisema Eusebio.

“Nimeona. Kule kiwandani ndivyo ulivyo tangu azikwe. Tulidhani ni unyevu.”

“Basi?”

“Basi pete za miaka mitatu zimeshachapwa, Eusebio.”

“Na hiyo mitatu ikiisha?”

“Watu wa nje wamelizoea jina. Jina nalo lina ladha yake, wewe ni mwonjaji, unajua.” Akamaliza kahawa, akavisifu vibiskuti vya mahindi na jibini, akawaachia sanduku la biri ishirini na tano, akaaga kwa kila mmoja.

Socorro alingoja mlango ufungwe. “Huyu siku yake ikifika, hata moshi wa jikoni utamkwepa.”

Kufika Agosti, kiwanda kilianza kuleta wageni wenye kamera kuutazama moshi ukivuka barabara. Mwongozaji aliwaambia kwamba unakwenda kumwamkia baba yake Don Abelardo, aliyelala hatua kumi mbele, chini ya marumaru. Wageni waliyapiga picha marumaru. Moshi ulikaa pale pale ulipokuwa ukikaa.

Eusebio akaanza kwenda makaburini alasiri, na kigoda. Biri ile ilikuwa ikiuzwa nchi nyingi, na moshi wake ulifika kwa wakati wake, mwembamba, umechoka, mmoja mmoja. Aliinama akauonja kila uliofika, akamsimulia mkewe.

“Huu umetoka penye baridi. Biri ilikauka mno, ladha yote mbele, nyuma hamna kitu. Huu una chumvi, umepita baharini. Huyu kavuta kwa pupa, anazungumza na watu. Ngoja. Huu hapa mtu kaenda nao mpaka theluthi ya mwisho, pole pole, na lile la Condega amelisikia. Huyu angekaa na sisi mlangoni.”

Kulikuwa na mtu akifagia majani makavu kati ya makaburi. Aliusubiri moshi utulie, akaegemea ufagio, akauliza marehemu alikuwa nani hata afukiziwe hivi kila siku.

Eusebio akamtajia jina lote, ukoo wa baba na ukoo wa mama: Ermelinda Zeledón Blandón.

“Simjui,” alisema yule mtu, kwa upole, akaendelea kufagia.