Nyumba Zilizoteremka Kuulizwa

Habari hii nilipewa na Mwanvua, muke wa Asumani dereva, tulipokuwa tunachambua maharagi mbele ya nyumba yake pale Butembo, mwaka ule pesa zilipobadilishwa jina. Yeye aliipata kwa mume wake, na Asumani hasemi uongo ila juu ya bei ya mafuta ya kamio, lile lori lake.

Basimba, wale waasi, walikuwa wameondoka Beni, basoda wa Leta, yaani askari wa serikali, wamerudi, na barabara yote kutoka Butembo ilijaa bariere, muti umelazwa kukata njia. Huko milimani watoto walishikwa na bwaki, ule ugonjwa wa kukosa chakula cha nguvu: miguu inavimba, nywele zinageuka nyekundu, mtoto hachezi tena. Leta ilikuwa na maziwa ya unga ya kutosha jiko moja tu la kulishia watoto. Basi ikamtuma karani mmoja, Esdras, atafute ni wapi watoto wanaumwa zaidi, ili jiko lijengwe pale.

Esdras alikuwa amefundishwa kazi yake vizuri. Huwezi kuuliza watu wote, utakufa hujamaliza. Unaandika majina ya vijiji vyote kwenye vikaratasi, unatia ndani ya kofia, unachanganya, unachota bila kuangalia. Hivyo kila kijiji kina bahati sawa, kile kinachokupenda na kile kisichokupenda. Alichota kule Beni, mbele ya watu. Kofia ilitoa vijiji vya barabarani, ikatoa na kilima cha Kambere, nyuma ya mikaratusi juu ya Maboya.

Komanda wa basoda alisoma vikaratasi, akavitenga vya milimani pembeni. Alisema huko juu muasi anaweza kuwa amebaki. Mutu wa Leta atauliza barabarani tu.

"Lakini kofia ilichagua," alisema Esdras.

"Kofia yako haina bunduki," alijibu komanda.

Asumani ndiye alimwendesha. Walisimama kila kijiji, Esdras akaingia nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ilikuwa na harufu ya samaki.

"Monsieur Esdras," Asumani akamwambia, "hawa ba barabarani banakula. Samaki ya Vitshumbi, ni mimi ninabaletea. Ukibauliza, ni sawa na kuniuliza mimi kama kamio yangu ilipita."

"Ninajua."

"Lakini unajua, na unaendelea."

"Ordre ni ordre. Endesha."

Pale Maboya mwanamke mmoja alikuwa anawangojea kando ya barabara, mtoto mgongoni. Alikuwa Agar, muke wa Kambere wa kile kilima. Alimshusha mtoto, akabonyeza mguu wake kwa kidole. Kidole kilipotoka, shimo lilibaki.

"Wasibire, papa," alisalimia. "Huyu ni mutoto yangu, Élise. Kwetu batoto beko hivi nyumba kwa nyumba. Tunakula bugali na majani, na siku ingine majani peke yake. Utuulize na siye."

Alisema hayo bila haya, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia. Esdras aliuangalia ule mguu mpaka shimo likajaa.

"Mama Élise, mutu wa kujileta mwenyewe siwezi kumuandika. Nikiandika benye kujileta, batakuja bagonjwa peke yao, na bakubwa batasema nimechagua. Lazima nikukute ndani ya nyumba yako. Nyumba ikiwa barabarani, ninaingia."

"Nyumba yetu iko kule juu."

"Ndiyo shida."

"Basi nyumba itakuja," alisema Agar, akamfunga mtoto mgongoni, akapanda kilima.

Nyumba zilifika asubuhi iliyofuata, moshi ungali unatoka kwenye majani ya paa. Zilishuka kwa mustari, polepole, kama watu wenye kubeba mitungi, mbwa wakikimbia nyuma. Ya Kambere ilinaswa kwenye mikaratusi, ikarudi nyuma, ikazunguka. Pale bariere basoda waliziuliza vitambulisho. Hazikuwa navyo. Walichukua mukungu wa ndizi, wakainua muti, zikapita. Zikaketi mahali zilipopata nafasi, katikati ya nyumba za wachuuzi. Moja iliketi juu ya kahawa aliyoianika Lukumani, mmoja wa wachuuzi, naye akaigombeza mpaka ikasogea.

Hazikutulia. Hazikuzoea kelele. Kila kamio ikipita zilishtuka, vyungu vikagongana ndani, na wamama wakatoka kushika nguzo.

Esdras alisoma ordre yake, ile amri aliyopewa: kila nyumba iliyoko barabarani. Akachukua kalamu, akashuka.

Sasa, kwetu mugeni haambiwi njaa. Unaweza kumwambia mtu njaa yako njiani, kisimani, hata kanisani. Lakini akishaingia ndani ya nyumba yako na kuketi, hakuna njaa. Kuna chakula, hata kama ni cha jirani. Na mugeni wa Leta hakuwa ameingia nyumba zile tangu zijengwe. Kila nyumba ya kilima ilikuwa na kuku mmoja aliyefichwa kwa shida kubwa, na alfajiri ile wote walichinjwa.

Kuku wa Agar alikuwa ametunzwa auzwe, ili Élise apelekwe hospitali Butembo. Agar aliwaza kutomchinja. Kambere alimwambia, bila hasira, "Mugeni anaingia kwetu, na weye unamupa majani?" Agar akachukua kisu mwenyewe. Kisha akamlaza Élise nyuma ya ukuta wa matete, kwa sababu mgonjwa haonyeshwi mtu anayekula.

Esdras aliingia, akanawa, akawekewa sahani. Mwenye nyumba ndiye anajibu, ndivyo kazi ilivyotaka.

"Papa Kambere, jana mulikula nini?"

"Tulikula muzuri."

"Nyama?"

"Unaiona mbele yako."

"Na batoto?"

"Beko muzuri. Mungu anasaidia."

Esdras aliinua macho. "Mama Élise, kule barabarani ulinielezea ingine."

Agar alikuwa amesimama karibu na mlango, sufuria mkononi. Mdomo ulifunguka. Aliangalia sahani ya mugeni, paja lingali pale, na mume wake anaangalia chini.

"Kula kwanza, papa," alisema. "Inapoa."

Basi nyumba yenyewe ikachoka. Ukuta wa matete ulijinyanyua, ukasogea hatua moja pembeni, kama mtu anayepisha mwingine. Nyuma yake Élise alikuwa amelala macho wazi, miguu imejaa kama ndizi za pombe. Esdras alimwona. Kambere naye aliona kwamba ameona. Akasema, "Ukuta huu haukufungwa vizuri," akaurudisha kwa mkono. Esdras alimaliza paja, maana kuliacha ni kutukana. Penye nafasi ya chakula aliandika: kuku. Yale aliyoyaona hayakuwa na nafasi yao, akayaandika pembeni kwa herufi ndogo.

Alikula kuku nyumba zote za kilima. Jioni Asumani alimkuta amejishika tumbo.

"Umeshiba, Monsieur."

"Nimewamaliza," alisema Esdras.

Walipojumlisha kule Beni, walihesabu majibu. Ya pembeni hayana pa kuhesabiwa. Ikaonekana kwamba watu wa kilima wanakula nyama kuliko wote wa njia nzima, na komanda akasema alijua. Jiko la maziwa lilijengwa Beni, karibu na kambi ya basoda, ambako watoto walikunywa na kunenepa.

Nyumba zilikuwa zingali zinangojea pale barabarani, hazijui kama zibaki au ziende, siku Asumani alipopita na magunia ya maziwa ya jiko la Beni, soda mmoja ameketi juu yake. Alipunguza mwendo mbele ya nyumba ya Kambere. Hakusimama, aliinua mkono tu. Nyumba ikasimama, ikaifuata kamio, Agar akiwa mlangoni na mtoto mapajani, mpaka bariere.

Soda wa pale alifungua karatasi ya majibu iliyotoka Beni, akatafuta kwa kidole.

"Kambere. Nyinyi munakulaka kuku," alisema. "Acheni na bengine bapate."

"Soda, angalia mutoto," alisema Agar.

"Ninamuona, mama. Lakini mimi ninasoma."

Nyumba ilikaa kidogo pale mbele ya muti. Kisha ikageuka, na zile nyingine zikaifuata, zikaanza kupanda, jua lingali juu. Mara hii nyumba ya Kambere iliizunguka mikaratusi bila kunaswa. Ilikuwa inatikisika taratibu, kushoto, kulia. Kambere alilala wa kwanza, amekaa, mgongo kwenye nguzo. Élise alilala. Agar aliweka mkono juu ya kifua cha mtoto ili asikie kama kinapanda na kushuka, akajikaza macho, akahesabu pumzi, akasahau, akaanza tena. Nyumba haikusimama. Karibu na juu, mkono ungali pale kifuani, Agar naye akalala.