Mguu Ulioruhusiwa Kwenda Nyumbani

Saa mbili asubuhi daktari wa mifupa alifika kitanda cha sita, akafunua shuka kwa ncha za vidole, akautazama mguu wa kulia wa Fundi, uliotiwa vyuma juu ya goti siku nne zilizopita.

"Usikanyage chini, mama. Wiki sita. Ukikanyaga, vyuma vikaachia, mimi simo."

"Sawa, daktari."

Akaandika kwenye faili lililoning'inia kitandani, akaenda zake.

Saa nne alikuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke wa raba nyeupe na haraka nyingi.

"Simama, mama. Mguu usiotembezwa unasahau kazi. Kila siku korido nzima, kwenda na kurudi."

"Sawa, mtaalamu."

Naye aliandika, ila kwenye daftari lake, ambalo hufungiwa kabatini katika chumba cha mazoezi.

Fundi alikuwa mshona nguo. Kwa miaka ishirini na mitano alishona kwa vipimo alivyopewa, hata pale mteja alipojidanganya kiuno, na hakuwahi kumbishia mtu aliyevaa koti jeupe. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Bila mguu ule, yeye na binti yake wangekosa pa kushika. Basi aliwatii wote wawili. Kesho yake, saa nne kasorobo, mguu ulijichomoa nyongani taratibu, bila damu wala kelele, ukashuka kitandani na kwenda kumsubiri mtaalamu mlangoni. Fundi alibaki amelala. Hakukanyaga chini.

Mtaalamu aliridhika. Mguu ulikuwa msikivu, haukulalamika maumivu wala kuomba maji, na ulimaliza korido mapema kuliko wagonjwa waliokuja wazimawazima. Saa sita ulirudi ukajipachika, unyayo una vumbi. Mfagiaji alinung'unika tu kwamba unapita pale alipokwisha kupiga deki.

Aliyehangaika ni Sista, muuguzi mkuu wa wodi. Aliandika kwenye faili la daktari: "Maagizo yanapingana. Mguu unatoka." Daktari aliichomoa karatasi ile na kumkumbusha, kwa upole kabisa, kwamba maelezo ya wauguzi hukaa nyuma ya faili. Huko nyuma ya faili daktari hakuwahi kufika.

Sista akamfuata mtaalamu.

"Yeye kazi yake vyuma," mtaalamu alisema. "Kutembea ni kwangu."

"Lakini mguu ni mmoja, dada."

"Basi mwambie aje aniulize."

Daktari alipofikishiwa hayo alisema yeye ndiye aliyelifungua paja lile kwa mikono yake, na haoni sababu ya kwenda kuuliza mambo kwenye chumba cha mipira ya mazoezi. Sista akaitisha kikao siku ya Jumatano. Walikuja wote, kwa wakati. Walizungumzia uhaba wa glavu saa nzima, wakaagana kwa adabu.

Wiki zilivyosonga, Fundi aliingiwa na hofu. Mguu ulianza kuchelewa kurudi. Ulirudi na joto lisilo lake, na ukijipachika haukukaa sawa, kama pindo lililomaliziwa na fundi mwingine.

"Sista, huu mguu siujui tena," alisema, akaangua kilio. "Hatua yake ni ndefu kuliko yangu."

Sista alimshika mkono akakaa naye. Hakuwa na mahali pa kuliandika hilo.

Wiki ya sita ilipotimia, daktari alichelewa raundi. Alifika saa nne na robo.

"Haya mama, leo simama."

Fundi alilisubiri neno hilo siku arobaini na mbili. Alisimama, akamwangukia Sista kifuani, kwa kuwa mguu ulikuwa kazini koridoni.

"Tuusubiri kidogo, daktari," Sista alisema. "Saa sita utakuwa umerudi."

Daktari alitazama saa yake. Vitanda kumi na vinne vilikuwa bado vinamngoja. Akaandika: "Ameshindwa kusimama. Wiki sita zaidi." Wakati huohuo, upande wa pili wa ukuta, mtaalamu aliandika: "Ametembea mita mia mbili bila msaada. Aruhusiwe." Hakuna aliyedanganya.

Masjala ilipokea karatasi mbili, ikazitekeleza zote mbili. Alasiri binti yake Fundi aliitwa dirishani, akatia sahihi kwamba amepokea mguu mmoja, wa kulia.

"Na mama je?"

"Mama bado."

Mguu ulishuka ngazi bila kugeuka. Binti aliukimbilia nyuma, mkononi ameshika kiatu cha kushoto cha mama yake, kwa kuwa cha kulia mguu ulikuwa umekivaa, akiuomba uende polepole.

Siku mbili baadaye kitanda cha saba kilipata mgonjwa, mwalimu wa kike aliyevunjika mkono. Saa mbili aliambiwa asiunyanyue. Saa nne aliambiwa aunyanyue mara thelathini. Walipoondoka alimgeukia jirani yake.

"Sasa mama, nimsikilize nani?"

Fundi aliutazama ule mkono, na chaki iliyobaki kwenye kucha za mwalimu.

"Wasikilize wote, mwanangu. Ni watu wema. Ila uuage kabla haujatoka. Mimi wangu sikuuaga."