Hodi Jilani

Vikombe vilikuwa sita, na watu waliokaa kuizunguka meza walikuwa watano.

Gentrix alivihesabu mara mbili kwenye picha, simu ikiwa karibu kugusa pua yake, kisha akamsogezea bintiye. "Hebu hesabu na wewe. Usinifuate mimi."

Lynette alikuwa na miaka saba, na meno mawili ya mbele yalikuwa yameshaenda zake. Akahesabu kwa kidole, polepole. "Sita. Na hiki kimebanduka rangi ni chetu?"

"Vyote ni vyetu. Lakini hicho ndicho kilikuwa changu."

Vikombe hivyo ndivyo vilivyoanzisha mambo yote. Mwaka uliotangulia, watu wa kutengeneza drama za televisheni walikodi nyumba hapo mtaani Shirere, hatua chache kutoka ploti ya vyumba vya kupanga anayokaa Gentrix, wakaja kuazima vikombe vya chai. Dairekta wao, kijana aitwaye Clifford, alimkuta Gentrix akimsuka mwanafunzi wa chuo huku akimtania mpaka kichwa kinatikisika na mistari inapinda. Clifford akasimama mlangoni na vikombe mkononi, amesahau kuondoka. Siku tatu baadaye Gentrix alikuwa Nechesa.

Nechesa alikuwa jirani katika Nyumba ya Shikanga, drama ya familia moja ya wakulima wa miwa. Tena hakuwa jirani hivihivi. Alisikia vitu vilivyopotea. Ufunguo, pete, barua, ndama: kitu kikishapotea tu, kwake kilikuwa kinaita. Alifumba macho, akainamisha kichwa upande wa kushoto, akasikiliza, halafu akasema kiko wapi. Gentrix alimpenda mwanamke huyo kuliko alivyotarajia. Hata kamera zilipoondoka, Lynette akipoteza kiatu, mama na mtoto walifumba macho wakakisikiliza kiatu, na mara nyingine kikapatikana.

Basi Jumapili jioni drama ikatoka. Walijazana kwa Teresa, jirani wa mlango wa tatu mwenye televisheni kubwa, Lynette akiwa mbele kabisa na gauni la kanisani. Alikuwa ameshatangazia Gredi ya Pili nzima. Drama ikaanza, ikaendelea. Mzee Shikanga akatafuta ufunguo wa sanduku kila mahali, halafu akaenda moja kwa moja kwenye mkebe wa sukari akauchomoa humo, kama mtu aliyeoteshwa. Nechesa hakuingia.

"Labda unakuja mwishoni, Mama Lynette," Teresa akasema.

Majina yakapanda kwenye kioo, yakaisha.

"Ama umepita nikipiga chafya?" Teresa akaongeza, na hakuna aliyecheka.

Jumatatu Lynette alirudi kutoka shule akiwa amevuta sweta mpaka kidevuni. "Phoebe amesema mimi ni muongo. Amesema wewe ulionekana kwa tivi ya bafuni. Wote wakacheka. Hata mimi nikacheka kidogo, ndio wasinione nikilia." Kisha akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka tu kujua: "Mama, lakini ulikuwanga huko kweli?"

Hapo ndipo Gentrix alipompigia Clifford.

"Gentrix! Pole sana. Nilikuwa nikupigie."

"Ulikuwa unipigie mwaka gani?"

Clifford akakohoa. Akaeleza kwamba ile waliyoigiza mwanzo ilikuwa ya majaribio tu, ya kuwaonjesha wakubwa wa stesheni. Wakubwa wakaonja, wakasema tamu. Shida zilizomo ni za kweli: shamba, karo, mama mkwe. "Lakini mwanamke anayesikia funguo zikiita? Wakasema huyo atachanganya watu. Watazamaji watauliza, kama ana nguvu hizo, mbona asimalize shida zote tukaenda kulala?"

Gentrix alikuwa amejiandaa kukasirika, lakini swali lenyewe lilikuwa zuri, akajikuta analigeuzageuza. "Lakini hizo shida hazijapotea," akasema. "Ziko tu hapo, kila mtu anaziona. Nechesa angezisikiaje?"

"Ungekuja kwa huo mkutano wa wakubwa," Clifford akasema.

"Nitumie hata kipande kimoja. Ni cha kumwonyesha mtoto."

"Siwezi. Ile ya kwanza ni mali ya stesheni, niliweka sahihi. Na hii iliyotoka usijisumbue kuangalia. Ni picha zilezile, lakini nimekutoa wewe kabisa. Hutapata hata unywele."

Hata unywele! Gentrix alikata simu akiwa na neno hilo. Msusi gani asiyejua kwamba unaweza kufagia chumba mara tatu, na bado ukautoa unywele ndani ya chai? Akanunua bando la intaneti, akaifungua drama kwenye simu, akamkalisha Lynette kitandani kando yake, wakaanza kufagia upya.

Ndivyo walivyokipata kikombe cha sita, kimejaa, kinatoa mvuke mbele ya kiti kitupu.

"Chai imewekewa nani?" Lynette akauliza. Machozi yalikuwa yameshasahaulika. "Huwezi kumwekea mtu hayuko."

"Endelea kuangalia."

Wakaendelea. Wakaona watu wote watano wakigeuka kutazama mlango na kutabasamu, na mlangoni hapakuwa na mtu. Wakaona pindo la leso ya kijani ya Nechesa likipita pembeni ya picha, kufumba na kufumbua. Wakaelewa pia Mzee Shikanga alioteshwa na nani. Kila walichopata, Lynette alipiga makofi, kisha akakipima kwa jicho la Phoebe, akatikisa kichwa.

"Leso atasema ni pazia. Kikombe atasema ni cha mtu ameenda choo."

"Sasa tufanyeje?"

Lynette akafikiri. Halafu akaifunika simu kwa kiganja, akafumba macho, akainamisha kichwa upande wa kushoto.

"Rudisha mwanzo. Usinionyeshe. Weka tu sauti."

Vijiko viligonga vikombe. Jogoo akawika. Mtu akavuta kiti. "Hapo!" Lynette akaruka. "Mama, hapo, chini ya jogoo!"

Gentrix akarudisha, akaweka simu sikioni. Kwa mbali, kutoka nje ya nyumba ya Shikanga, mwanamke alikuwa anaita kwa furaha: "Jilani! Hodi jilani, mko?"

Uso ukamchoma. Maneno hayo aliyarudia mara kumi na moja siku ile ya kuigiza, Clifford akimwambia taratibu, "Jirani, Gentrix. Ji-ra-ni," na yeye akijibu, "Si ndivyo nasema? Jilani." Mwishowe watu wa kamera wakachoka. Tangu hapo alikuwa amejiandikisha masomo ya jioni, na Mwalimu Onesmus alikuwa amewakalisha wanawake wazima wakinguruma kama pikipiki, rrrr, mpaka ulimi ukatii. Sasa Gentrix alisema jirani. Alisema barabara, habari, harusi, tena mbele za watu. Na hao waliomfagia walifagia uso, wakafagia jina, kitu cha pekee walichobakisha cha kumtambulisha kikawa ni kosa lake.

"Ni wewe!" Lynette alikuwa anarukaruka juu ya kitanda. "Ni wewe, ni wewe!"

Asubuhi iliyofuata Gentrix alimsindikiza mpaka kwenye geti la shule. Phoebe, msichana mrefu mwenye riboni za njano, alikuwa hapo na kundi lake. Gentrix akawainamia na simu, watoto wakabanana wakasikiliza chini ya jogoo.

"Hiyo ni sauti ya mtu yeyote," Phoebe akasema.

"Ni ya mama yangu!"

"Basi aseme tusikie."

Gentrix akasafisha koo. Bila kufikiri, akasema vile Mwalimu Onesmus angefurahi: "Jirani! Hodi jirani, mko?"

Watoto wakatazamana. Phoebe akatikisa riboni zake, hata si kwa ubaya. "Si yeye. Wa kwa tivi amesema jilani."

Walimu wawili walikuwa wanapita getini. Wazazi wengine walikuwa wamesimama, wanasikiliza. Gentrix akahisi ile r aliyoitafuta mwaka mzima imekaa ulimini mwake, safi, kama kitu cha dukani. Akamtazama Lynette. Mtoto alikuwa ameshika mkanda wa mkoba wake kwa mikono miwili, na sweta lilikuwa limeanza kupanda tena kidevuni.

Gentrix akajaza kifua hewa, akatupa kichwa nyuma.

"JILANI! HODI JILANI, MKO?"

Ilitoka vilevile, na kicheko chake kikiifuata nyuma kama ndama. Mwalimu mmoja akageuka. Watoto wakapiga kelele mpaka ndege wakaruka kwenye ua la michongoma. "Ni yeye! Wuui, ni yeye!" Lynette hakupiga kelele. Sweta lilishuka lenyewe, akatabasamu na pengo lake lote.

Phoebe akasogea karibu, sauti imekuwa ndogo. "Na ni kweli unasikianga vitu vimepotea?"

"Nechesa ndiye anasikia," Gentrix akasema. "Kwani umepoteza nini?"

"Lula yangu. Tangu Ijumaa."

Gentrix alitaka kumwambia ni rula. Badala yake akafumba macho, akainamisha kichwa upande wa kushoto. Lynette akafumba yake. Phoebe naye, baada ya kutazama huku na huku, akafumba, na mmoja baada ya mwingine kundi zima pale getini likanyamaza, vichwa vimeinama upande mmoja, wanasikiliza.