Miguu ya Mwaja Gazetini

Barua mbili za kwanza za Abdulrahim, gazeti la pwani lilizichapa kwa shingo upande. Kisha mhariri akamwandikia: "Habari zako ni kavu kama za karani anayepima mvua. Tuandikie zile picha zinazotembea za Bukoba, nasi tuzione. Ukishindwa, Karagwe tutatafuta mwandishi mwingine."

Abdulrahim, muuza nguo wa Nyaishozi, huko Karagwe, akakosa raha. Picha zenyewe aliziona kweli, yeye na mkewe Mwaja, walipokwenda Bukoba kuchukua bidhaa: mashine ikizirusha juu ya shuka jeupe lililotandazwa ukutani.

Alasiri moja akamwita jirani yake, mzee Kabyemera, aje kusikiliza barua. Mwaja akamwekea mzee kikapu kidogo cha buni za kutafuna, ilivyo desturi. Hiyo ndiyo ilikuwa mizani ya Abdulrahim: mzee akiendelea kutafuna, habari imelala, akiacha, imemwingia.

Akasoma. "Mashine ni nzuri sana, na picha ni nzuri sana..."

Kabyemera akatafuna. Abdulrahim akapandisha sauti: "Mara simba akaruka kutoka kwenye shuka jeupe!"

Kabyemera akachukua buni nyingine.

"Simba gani, baba Shaaban?" Mwaja akamdakia mumewe. "Yalikuwa mawimbi ya bahari, basi. Utachekwa mpaka Nkwenda."

"Mawimbi matupu yatamshtua nani?"

"Hayo hayo matupu yalininyanyua miguu."

Taya la mzee likasimama. "Ulinyanyua miguu? Kwa maji ya kwenye nguo?"

"Na leso nikaikunja isilowe. Miaka tisa sijaiona bahari, mzee wangu. Ningejuaje kwamba haifiki? Ila haikuwa na harufu ya chumvi. Hapo ndipo waliponikosea."

Mzee alikuwa ameshika buni vidoleni, hata mdomoni haiendi. Abdulrahim akaiona, akachovya kalamu.

"Usiniandike!"

"Nakuandika."

"Basi andika na wewe ulivyovikumbatia viatu vyako!"

Akaandika vyote: miguu, leso, viatu, na chumvi iliyokosekana. Kisha akamfuta yule simba.

Baada ya miezi mitatu gazeti likafika. Barua ilikuwemo nzima, na chini yake: "Kutoka kwa mwandishi wetu wa Karagwe."

Wiki ile wateja waliingia dukani wakichungulia chini ya meza aliyokalia Mwaja.

"Nunueni kwanza," Mwaja akawaambia. Lakini miguu hakuificha.