Klipu za Mlango wa Abiria

Akiwa ameketi kwenye kiti cha abiria, baba alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ndani wa mlango wa pikapu, kikagota skrubu ya kwanza, kikasogea, kikagota ya pili. Akautoa mkono haraka kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Hili si gari langu," akasema.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kweli, maana pikapu ilikuwa palepale uani inapolala tangu nikiwa mtoto wa shule, na mimi nilikuwa nimesimama na ufunguo mkononi, tayari kumpeleka hospitali ya macho.

"Ni lako, baba. Fundi alifungua milango kutengeneza vioo. Wakati wa kufunga ndio akaweka skrubu."

"Gari langu halina skrubu. Lina klipu. Mmeliuza, mkaniletea bovu la mtu mwingine, mkidhani kipofu hana mikono."

Alisema *mmeliuza*, si *umeliuza*. Hapo kicheko kikanikauka, kwa sababu nilijua mwenzangu katika hiyo "m" ni nani. Ni kaka yangu.

Baba alikuwa seremala, na si wa kubahatisha. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, mtoto wa jicho kwa yote mawili, kaka aliuza mashine yake ya kuranda mbao, akamwambia imepelekwa kwa fundi. Kila wiki baba aliuliza mashine inaendeleaje, na kaka, bila hata kumeza mate, akamjibu inasubiri spea. Siku baba alipochoka kusubiri aliingia karakana mwenyewe, akapiga magoti, akapapasa sakafu, akakuta mashimo ya bolti matupu. Hakupiga kelele. Tangu siku hiyo kila kitu hukipapasa kabla ya kukiamini: kikombe, redio, hata mto wa kulalia. Na mimi, ambaye sijawahi kuuza hata msumari wake, nikatiwa kapu moja na kaka.

Daktari alikuwa amesema wazi. Upasuaji wenyewe ni mdogo na baba ataona. Lakini mtoto wa jicho amekomaa kupita kiasi, akiachwa anaweza kupasuka humohumo ndani na jicho likafa moja kwa moja. "Msikae sana," alituambia huku akinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye macho yale.

"Twende kwanza hospitali," nilimbembeleza baba. "Ukishaona, utalitazama gari mwenyewe."

"Mkinilaza hospitali," alisema, "nikirudi nitakuta na nyumba ina skrubu."

Akashuka, akashika ukuta, akarudi ndani. Basi hapo ndipo nilipokwama. Akifanyiwa upasuaji ataona kwamba gari ni lake, na upasuaji hautaki kwa sababu gari si lake. Wewe niambie ningeanzia wapi.

Kosa, kama ni kosa, lilikuwa usafi wangu. Mimi nikishika kazi siachi kitu, ndivyo nilivyoumbwa. Vioo vya pikapu vilikuwa vimekwama nusu, mvua ikinyesha inamlowesha baba mapaja, nami nikasema mzee wangu hatakwenda hospitali akiwa ameloa. Nikamwita fundi. Na kwa kuwa fundi alishafika, nikasema na mabonde ya bodi yanyooshwe. Na kwa kuwa mabonde yamenyooshwa, nikasema na kiti kishonewe kava jipya. Kila alama ambayo mkono wa baba ungeitambua niliifuta mwenyewe, na nikalipia.

Fundi huyo mtaa mzima unamwita Kesho, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila swali. Alipotoa zile mbao nyembamba zinazofunika mlango kwa ndani, klipu zilizozishika, vijifungo vya plastiki vyeusi vilivyochomekwa kwenye matundu pembeni mwa ubao, zilikatika zote. "Zimekauka, dada," alisema. "Ukizigusa zinasagika kama biskuti." Akanikabidhi vipande kwenye kifuniko cha kopo la rangi, pamoja na kijitambaa kilichosokotwa, kigumu kwa vumbi, ambacho kilikuwa kimeziba tundu moja. Nilimwaga vyote kwenye pipa la taka, nikajipangusa mikono, nikajiona mtu wa maana.

Nilijaribu njia za mkato kwanza. Nilimshikisha baba namba ya gari, herufi kwa herufi. Akasema kibao cha namba hufunguliwa kwa bisibisi. Niliwasha injini asikilize. Akasema injini zote mbovu hukohoa hivyo. Nilimwita jirani yetu, mama wa watu asiye na hila, akaapa mbele yake kwamba pikapu ni ileile. Baba akamsikiliza kwa adabu, akamshukuru, na alipotoka tu akaniuliza, "Amekula nini kwenu huyu?"

Ikabaki kutafuta klipu. Kwake yeye klipu ndiyo iliyokuwa na neno, basi nami nikakata shauri kwamba klipu zikirudi, baba atarudi.

Nilikwenda kwenye mtaa wa maduka ya spea. Muuzaji wa kwanza alikuwa amekaa nyuma ya kaunta yenye mikebe mingi midogo, akila karanga.

"Gari la mwaka gani?"

"Kabla hujazaliwa."

"Basi hiyo dada peleka makumbusho." Akacheka na mwenzake wa jirani. "Haya, umekuja na sampuli?"

Sikuwa nayo. Sampuli niliitupa kwenye pipa. Nikawa nimesimama pale mtu mzima na akili zangu, ninaonyesha kwa vidole ukubwa wa kitu ambacho sikuwahi hata kukitazama vizuri. Akanipa alizokuwa nazo. Duka la pili wakanipa nyingine, la tatu wakaniambia hizo za pili si zenyewe. Nilirudi nyumbani na mfuko uliojaa vijiplastiki, nikamwekea baba kiganjani kimoja kimoja, naye amekaa kwenye kigoda chake mlangoni.

"Kichwa hiki bapa. Cha kwangu kina kishimo katikati, ncha ya kidole inatulia." Akaitupa. "Hii mguu mnene, itapasua ubao." Akaitupa. "Hii ya gari la harusi. Nani amekudanganya?"

Nikazoa sakafuni, nikarudi dukani, nikaomba yenye kishimo na mguu mwembamba. Nilimletea nyingine. Akaipokea, akaiviringisha, akanirudishia.

"Naona ninawafundisha," akasema. "Mimi nataja, nyinyi mnaenda kutengeneza. Sitaji tena. Mwenye gari langu anajua lilivyo."

Na kweli hakutaja tena. Siwezi kusema sikumkasirikia. Nilikwenda jikoni nikagombana na masufuria. Nilimpigia kaka simu, nikamwambia haya yote yametokana na yeye. Akasema, "Mzee ana kichwa kigumu tu, atazoea." Atazoea nini, giza? Nikamkatia. Hospitali nao walipiga, wakauliza tumefikia wapi, wakatupangia siku nyingine kwa sauti ya mtu asiyetutarajia. Jioni hiyo baba alilalamika kwamba jicho la kulia linamvuta. Nilimkanda kwa kitambaa cha maji. Anayeniona mwizi alikuwa ameniwekea kichwa begani, kwa sababu hakuna bega jingine ndani ya nyumba.

Mwishowe Kesho mwenyewe, nadhani kwa kunionea huruma, ndiye aliyenielekeza kwa Bwana Kutu, mzee anayenunua magari yaliyokufa. Uwanja wake umejaa mabodi yaliyopandana, majani yametokea kwenye madirisha. Nyuma kabisa, bila magurudumu, ilikuwapo pikapu kama ya baba. Kuku alikuwa ametagia kwenye kiti cha dereva.

"Chukua unachotaka," alisema Bwana Kutu, "ila huyo mama usimwamshe. Ndiye mwenye gari."

Nilifungua mlango taratibu. Klipu zilikuwapo. Nyeusi, kichwa cha mviringo, kishimo katikati. Niliketi palepale kwenye majani nikalia, na yule kuku akanitazama bila kuona ajabu. Safari hii sikuvuta kitu kwa pupa. Niliomba maji ya moto, nikakanda kila klipu kwa kitambaa mpaka plastiki ikalainika, nikaipenyezea kijiko bapa kwa nyuma, nikaichomoa nzima. Vidole viliniungua na sikujali. Nilizifunga kwenye leso kama mtu aliyebeba mayai.

Na Kesho, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuja leo. Alitoa skrubu zake bila kubisha, akaanza kuchomeka klipu moja moja, kila moja ikiitika tap! Alipofika kwenye mlango wa abiria, chini ya mkono wa kupandishia kioo, akasita.

"Tundu hili sijui kama lilikuwa na klipu, dada. Niliache?"

"Jaza," nikamwambia. "Usiache hata moja."

Siku ya hospitali ilipofika nilimwomba baba apapase mara moja tu, na akikataa sitamsumbua tena. Nilikuwa nimechoka, na nadhani alisikia uchovu huo, maana hakubishana. Aliketi kwenye kiti cha abiria, mahali anapokaa tangu macho yalipomzuia kuendesha. Nikakaa kwenye usukani. Kidole gumba kilianzia juu, karibu na bawaba. Kikaipata klipu ya kwanza, kikatulia kwenye kishimo. Ya pili. Ya tatu. Niliona uso wake unalegea, mikunjo ya kipaji inaachia, mpaka karibu atabasamu.

Kidole kikateremka chini ya mkono wa kioo, kikasimama. Kikabonyeza, kikabonyeza tena.

"Hapa pana klipu," akasema.

"Ndiyo, baba. Zote zimerudi."

"Hapa palikuwa na nini?"

Niliuona mkono wangu mwenyewe ukikung'uta kifuniko cha kopo juu ya pipa. Ningeweza kusema sijui, naye angeniambia nimefeli mtihani, na jicho lake lingeenda. Nikamwambia ukweli, kwa kuwa ndio pekee niliokuwa nao.

"Kitambaa," nikasema. "Kilichosokotwa."

Akanigeuzia uso. "Rangi gani?"

"Kilikuwa vumbi tupu, baba. Lakini ndani, mahali vumbi halikufika, kilikuwa cha bluu. Kina maua madogo meupe."

Alishusha pumzi ndefu. Ndipo akaniambia, polepole, huku kidole kikiwa bado juu ya ile klipu.

"Klipu ilidondoka tukiwa njiani, tunapeleka kabati la mtu. Upepo ukawa unapiga mluzi tunduni. Marehemu mama yako alisema utamuumiza kichwa, akachana pindo la gauni lake, akalisokota, akaziba. Nilimwambia tukifika nitaweka klipu. Akasema nikithubutu atashuka aende kwa miguu." Akacheka kidogo, kisha cheko likaisha. "Tangu alipoondoka, nikikaa hapa nakishika. Kiko wapi?"

"Nilikitupa."

"Ulikitupa wapi?"

"Kwenye pipa la taka. Nilidhani ni uchafu. Lori limeshapita, baba."

Nilitaka aseme lolote, anitukane, anipige hata kofi kama zamani, nijue nimesimama wapi. Nilimshika mkono. Hakuuvuta, na hakunishika.

"Basi ni gari langu," akasema mwishowe. "Hukuuza."

"Sikuuza, baba."

"Najua." Akaibonyeza ile klipu. "Afadhali ungeuza gari."

Nilikuwa nimelipata nililolitafuta muda wote ule. Ameniamini. Nilikaa na ufunguo mkononi, nikiangalia ukuta wa uani, nisijue pa kuupeleka mkono.

"Washa," akasema. "Tutachelewa."

Nikawasha. Njia nzima ya kwenda hospitali alikuwa ameweka kidole gumba juu ya klipu chini ya mkono wa kioo, akiibonyeza, na klipu ilikuwa imeshika vizuri. Upepo haukupita popote. Mlango, ambao miaka yote ulikuwa ukigongagonga kwenye kila shimo, haukulia hata mara moja.