Mkanda wa Mheshimiwa

Ndege ndogo ya kukodi ilikuwa imeanza kuteremka Nanyuki, na Mheshimiwa Munene alikuwa bado amesimama katikati ya viti, simu sikioni.

"Mheshimiwa, tafadhali keti ufunge mkanda. Tunatua," Ngendo, mhudumu wa ndege, alimwambia.

"Ati nini? Wewe msichana, unajua unaongea na nani?"

Alimwambia mara ya pili. Mara ya tatu Munene alimsukuma kwa kiwiko, kama mtu anayeondoa mbuzi kwenye mahindi. Papo hapo magurudumu yakagonga chini. Munene aliangukia kiti. Ngendo aliangukia mkono wake wa kulia, akausikia mfupa ukikatika.

Siku ya tatu, mkono ukiwa kwenye plasta mpaka juu ya kiwiko, meneja wake Griffins alipiga simu. Hakuuliza hali.

"Ripoti inasema ulikuwa umesimama ndege ikitua. Hiyo ni makosa yako."

"Nilisimama kwa sababu yeye alisimama!"

"Jumamosi Mheshimiwa ako kwake Nyeri. Enda umuombe msamaha. Huyo ni mteja hatuwezi kupoteza. Na uvae yunifomu."

Miaka sita Ngendo alikuwa ametabasamu angani. Aliwatabasamia waliomwita kwa kupiga vidole na waliompapasa kiuno akipita na trei. Kampuni ilimpima uzito kila mwezi, na alipozidi kilo mbili ikamwondoa kwenye safari; hapo pia alitabasamu. Jumamosi asubuhi mama yake alikata mkono wa koti la yunifomu kwa makasi ili plasta ipite. Ngendo alitazama kitambaa kikianguka, meno yakimuuma kwa kuyakaza.

Uani kwa Munene kulikuwa na hema, na chini yake watu waliokuja kutafuta basari za kulipia watoto karo. Kwenye benchi la mbele aliketi baba yake Ngendo, Mzee Theuri.

"Baba, hata wewe?"

"Mdogo wako Ndungu amefukuzwa shule tangu muhula uanze," mzee alinong'ona. "Sema pole tu, mami. Pole haivunji mtu."

Kabla Ngendo hajafungua kinywa, Munene alitoka nyumbani akicheka, akamkumbatia begani na kushika maikrofoni.

"Huyu ni msichana wetu wa ndege! Aliteleza kazini, maskini. Lakini mimi siwezi kutupa mtoto wa Nyeri. Hospitali, nimelipa yote!"

Hakuwa amelipa chochote. Watu walishangilia. Mpiga picha alisogea.

"Madam, inua mkono kidogo plasta ionekane. Haya, smile."

"Sikuteleza," Ngendo alisema. "Ulinisukuma."

Hakupiga kelele. Alitumia sauti aliyofundishwa kazini, ile inayofika kiti cha mwisho bila maikrofoni. Mwanamke mmoja nyuma alianza kusimama, kisha akatazama fomu ya basari mkononi mwake, akaketi.

Vidole vya Munene vilizama begani mwa Ngendo.

"Ni uchungu inaongea," alisema kwa upole. "Si mumpigie makofi apone haraka?"

Makofi yalianza pembeni, yakaenea. Ngendo alimtafuta baba yake kwa macho. Mzee Theuri alivua kofia, akaibana katikati ya magoti ili mikono yote miwili iwe huru, akapiga makofi pamoja na wenzake, macho kwenye nyasi.