Pasipo Shahidi, kwa Kula

Tulimhukumu Hesbon saa tisa mchana, siku ya Jumamosi, katika chumba cha nyuma cha duka la mbegu mjini Kitale, tukiwa tumekalia magunia. Ulikuwa mchezo. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia neno kesi huniuliza ilikuwa mahakama gani.

Mchezo wenyewe aliubuni Walubengo, kijana wa Sirisia aliyekuwa akiuza katika duka hilo la mjomba wake. Yeye ndiye aliyekuwa Msimulizi: alituambia tulipo na kilicho mbele yetu, sisi tukasema tunachofanya, na dadu ikaamua kama tumefaulu. Dunia yake ilikuwa na nchi mbili. Nchi ya Juu, yenye ukungu na malango ya mawe, aliichora mahali Kitale ilipo. Nchi ya Chini aliichora Bungoma. Kila nchi ilikuwa na sheria zake, maana Walubengo hakupenda mchezo wa mapanga matupu. Alitaka mtu akiiba kondoo huku asihukumiwe sawa na aliyeiba kule.

Mimi nilikuwa karani. Chuoni nilisomea kuandika mienendo ya kesi, na mwalimu wetu alitufunza jambo moja mpaka tukaliota: andika kilichosemwa, usiandike unachodhani mtu alitaka kusema. Ilinifaa, kwa sababu mimi si mwepesi wa kuongea. Wenzangu walikuwa na farasi na mikuki. Mimi nilikuwa na daftari lenye jalada gumu, na hakuna aliyenitaka nipige kelele.

Siku Walubengo aliponisomea sheria ya ishirini ya Nchi ya Juu, alisema, "Pasipo shahidi, kesi itaamuliwa kwa kula." Kwao, kama kwa wengi wa Bungoma, l na r hubadilishana viti bila kuombana ruhusa. Atakwambia amepiga kula asubuhi, mchana amekura ugali, nawe utaelewa. Nilijua alimaanisha kura, ile ya dadu. Kalamu ilisimama. Nilitaka kumuuliza, lakini walikuwa wanachekea jambo jingine na nikaona haya kuwakatiza. Nikaandika kula.

Mashtaka ya Hesbon yalikuwa hivi: katika mchezo alikuwa mlinzi wa lango, na asubuhi moja lango lilikutwa wazi, ukungu umeingia mjini na kuchukua watu saba. Kiptum, ambaye siku za kazi alikuwa kwenye kinu cha kusaga mahindi, ndiye aliyeongoza mashtaka. Mimi nilisoma hati.

"Mshtakiwa, unakubali au unakana?" Walubengo akauliza.

"Nakana, mheshimiwa. Mimi nilikuwa choo."

"Usiku mzima?"

"Mheshimiwa, hujaonja maharagwe ya Nchi ya Juu."

Tulicheka mpaka Walubengo akagonga gunia kwa kiatu. Shahidi hakupatikana, kwa kuwa wote walioona walikuwa wamechukuliwa na ukungu.

"Basi hapo ni kula tu," Walubengo akasema. "Lete dadu."

Kiptum alikuwa ameshalivuta daftari. "Ngoja bana. Dadu ya nini? Hapa imeandikwa kula. Kula ya chakula."

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo wapi? Si ni wewe husema sheria ni maandishi? Ati leo imekuwa mdomo?"

Walubengo alinitazama. Nilihisi uso ukipata moto. Ilitosha kusema kwamba kosa ni langu, maneno matatu tu, na dadu ingetupwa. Sikuyasema. Hesbon ndiye aliyeniokoa, kama alivyozoea.

"Wacheni Chepkosgei. Nitakula. Kwani nakula nini?"

Kiptum alichana kona ya hati ya mashtaka, palipoandikwa Hesbon Wamalwa kwa mwandiko wangu. "Kula jina lako. Ukimeza, uko huru. Ukikohoa, una hatia."

Alilitia mdomoni akitutolea macho ya kuchekesha. Akatafuna. Akakohoa.

Adhabu ya mlinzi wa lango ilikuwa jina lake kuondolewa, lisiitwe tena na mtu yeyote. Walubengo aliitamka, mimi nikaiandika. Nilipoweka nukta, vinu vya ng'ambo ya barabara vilinyamaza vyote kwa pamoja, na kwa muda mtaa haukuwa na sauti hata ya pikipiki moja. Halafu kelele zikarudi. Hesbon akasema ana kiu.

Jumatano alinipigia simu. Kwenye kioo hapakutokea jina, namba tu.

"Chepkosgei, niite."

"Nini?"

"Niite jina. Tafadhali."

Nikamwita. Akaniambia kwamba kazini, alikofungia watu sola, bosi wake alimuuliza anatafuta nani. Kwamba kitambulisho chake kilikuwa cheupe mahali pa jina, laini kama ukucha. Kwamba sasa yuko nyumbani Bungoma, na mama yake anamwita mgeni.

"Nimemwambia mimi ni mtoto wake. Akacheka, akaniongezea chai."

Jumamosi nilifika dukani mapema. Walubengo alimimina chai vikombe vitatu, chake, cha Kiptum na changu.

"Bado Hesbon," nikasema.

"Nani?"

"Hesbon. Mlinzi wa lango."

Wakatazamana. "Wewe leo umeamkia wapi?" Walubengo akasema kwa upole. "Tuko watatu tangu zamani."

"Karani amepata mtu, anataka kumleta kwa mchezo," Kiptum akasema. "Si useme tu, dada, tumwone."

Nililifungua daftari. Palikuwa na maneno Nchi ya Juu dhidi ya, na baada yake herufi zilizofifia kama zimeachwa juani miaka mingi. Nilikuwa nikizipitia kwa kalamu kila asubuhi, na kila asubuhi karatasi ilikuwa imezinywa tena. Ilibaki H, na mkia wa n. Nilielewa kwamba siku nitakayoshindwa kuzisoma, nami nitamuuliza, unatafuta nani.

Kulikuwa na njia moja, na ilikuwa ya sheria. Rufaa ya kesi ya Juu husikilizwa Nchi ya Chini, na aliyekuwepo wakati wa hukumu anaweza kuiwasilisha. Kesho yake, baada ya kanisa, nikaenda Bungoma.

Mama yake, Mama Sellah, alinipokea mlangoni mikono ikiwa na unga. "Kalibu, mwanangu, kalibu ndani. Kuna mgeni mwenzako humo, amekaa siku nne. Mtu mpole sana. Lakini hasemi ametoka kwa nani, na mimi naona aibu kumfukuza." Akashusha sauti. "Anajua pahali naweka chumvi."

Ukutani palikuwa na picha ya siku ya mahafali. Mama Sellah alisimama akitabasamu, mkono wake ukiwa umekumbatia hewa kwa nguvu, hata kitambaa cha gauni lake kilikuwa kimejikunja upande huo. Yeye alipita chini ya picha hiyo kwenda jikoni wala hakuitazama.

Hesbon alikuwa kwenye kigoda. Alikuwa mzima, hakukonda, ila nilipomtazama macho yangu yalitaka kuteleza kwenda dirishani, kama vile mahali alipokaa hapakuwa na kitu cha kutazama. Nikayalazimisha.

Nikasimama. Mahakamani karani hasemi. Lakini humo chumbani hapakuwa na mwingine.

"Rufaa," nikasema. "Mrufani alihukumiwa kwa kula. Sheria iliyotungwa ilisema kura. Kosa si la Msimulizi wala la mshtakiwa. Ni la karani. Alijua, akaandika kinyume, na alipopewa nafasi ya kusema akanyamaza."

Hesbon aliinua kichwa. Hakuwa akijua kwamba nilijua. Nilisubiri anikasirikie, akasema tu, "Endelea."

Nikafungua sheria za Chini ili nisome matokeo. Nilikuwa nimeziandika mwenyewe, na bado niliposoma ilikuwa kama naziona mara ya kwanza: Kosa likiwa la karani, daftari lote ni batili, na kilichozaliwa na daftari hufa nalo.

Yeye ndiye aliyeelewa kwanza. "Ukurasa wa kwanza unasema nini?"

Sikuhitaji kuufungua. "Leo amekuja mtu kuuliza dawa ya kupe. Ameona dadu, akakaa."

"Huyo ni mimi."

"Ni wewe."

Kabla ya siku hiyo hatukuwa tumewahi kuonana. Mwaka na nusu wa Jumamosi, kila neno aliloniambia, yote yalikuwa yamezaliwa na daftari hilo. Mengine hayakuandikwa, lakini yalitokea pembeni mwa kurasa zake.

"Tupige kura sasa," akasema haraka. "Kama ilivyotakiwa. Dadu ninayo. Namba shufwa niko huru."

"Na ikiwa witiri?"

Jikoni mama yake alikuwa akiimba wimbo wa kanisani, akirudia ubeti mmoja.

"Chepkosgei, usifute yote. Futa ile ya kesi peke yake."

"Sheria inasema lote."

"Sheria gani, bana. Ni Walubengo tu aliyeitunga, amekaa juu ya gunia la mbegu."

"Hata ile iliyokula jina lako ni yeye aliyeitunga."

Nilianza na ukurasa wa mwisho. Kila mmoja niliuandika BATILI kutoka pembe hadi pembe, nikatia sahihi yangu chini. Mkono ulikuwa mtulivu. Nilikuwa nalia, lakini kazi yangu ni ya mkono. Nilipofika ukurasa wa kwanza, alinyoosha kidole akakiweka juu ya mstari wa dawa ya kupe, kuuzuia. Nikasubiri. Baadaye akakiondoa mwenyewe.

Nikaandika.

Wimbo ulikatika jikoni.

"Hesbon! Wewe Hesbon! Si nilikwambia ufunge ndama? Ameingia kwa shamba la sukuma wiki la Mukhwana tena!"

"Naja, mama!"

Alikuwa ameshasimama. Ndipo akaniona, akasita, akavuta shati lake likae sawa, vile mtu hufanya anapomkuta mgeni sebuleni na hakuambiwa. Ukutani, mama yake alikuwa amemkumbatia kijana mwenye kofia ya mahafali.

"Habari yako, dada," akasema. "Umekuja kumwona mama?"

Sheria za Chini hazikuwa na neno lolote kuhusu kumbukumbu za karani. Nilikuwa nazo zote.

"Nimepotea nyumba," nikasema. "Nilikuwa natafuta watu wengine."

Mama Sellah alitokea na chai, akasema hakuna mtu anayetoka kwake mkavu, hata aliyepotea, kisha akamwamuru kijana wake anisindikize hadi barabarani ndama akishafungwa. Tulitembea. Aliniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Cheptais, lakini nakaa Kitale. Aliniuliza nafanya kazi gani.

"Karani."

"Ni ngumu?"

"Si ngumu. Ni kuandika tu."

Alitikisa kichwa kwa heshima. Kwenye barabara ya lami akasimama, akanipa mkono.

"Hata sijakwambia jina."

"Nimesikia mama akikuita," nikasema, nikaushika mkono wake muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa kwa mtu usiyemjua.